Je, Mwandishi Hutuhadaa?
Wako wasemao kwamba hadithi fupi yenye mwisho wa ghafla ni hadaa. Tuitazame “Mkufu” ya Mfaransa Guy de Maupassant, iliyochapishwa mwaka 1884. Mathilde anapoteza mkufu wa kuazima. Yeye na mumewe wanataabika miaka 10 kulipa madeni ya kununua mwingine. Hatimaye twaambiwa kuwa ule uliopotea haukuwa wa almasi.

Hatukuhadaiwa. Rafiki yake aliutoa bila kusita, na sonara alikwisha kusema kwamba yeye aliuza kikasha tu. Dalili hizo tulizipita kwa sababu nasi, kama Mathilde, tuliamini mng’aro. Mwandishi mwadilifu huficha jambo, lakini haufichi ushahidi. Basi sisi walimu tusiwatobolee wanafunzi siri; tuwape nafasi ya kusoma tena.