NI MUNGU AMESEMA, AU NI WEWE?

Kijana, najua kimojawapo kinachokukimbiza kanisani: watu husema "Mungu ameniambia", kumbe wanatafuta mambo yao. Basi sikia habari za Reggie White.

Alikuwa Mmarekani, pande la mtu, mcheza mpira wa kwao, ule wa kubeba mikononi na kuvaa kofia ngumu. Kazi yake ilikuwa kuvunja ukuta wa wapinzani na kumwangusha mrusha mpira kabla hajautupa. Aliwaangusha mara 198! Tena alikuwa mhubiri, aliwekewa mikono akiwa na miaka 17.

Mwaka 1993 timu nyingi zilimtaka. Akasema Mungu amemwelekeza Green Bay, mji mdogo wa baridi kali. Haohao Green Bay wakampa dola milioni 17 kwa miaka minne. Ungecheka, au siyo?

Lakini baada ya kuacha mpira alikiri mwenyewe, hadharani: mengi aliyodai Mungu kasema, Mungu hakusema kitu. Yalikuwa matakwa ya Reggie. Akaona pia kwamba makanisa yalimwita kwa ajili ya mpira tu. Akakaa chini kujifunza Kiebrania, asome Maandiko mwenyewe. Desemba 26, 2004 akafa, ana miaka 43.

Je, huyo ni mnafiki? Mnafiki gani anajiumbua mwenyewe? Na wewe unayesema "mimi nafuata moyo wangu", moyo huo umewahi kukukatalia unachokitamani?

Leo usiku mtajie Yesu jambo moja unalolitaka sana. Kisha nyamaza, umpe nafasi ya kukataa.