Kukata kwa Dhana

Asihukumiwe mtu kwa dhana: ndivyo zisemavyo sheria za dini, na za dola zenye insafu hazikuacha kufuata, walakini ndani ya chumba cha upasuaji ipo kazi moja, halali na ya heshima, ifanywayo na watu waaminifu kwa nia njema, ambayo sehemu kubwa ya msingi wake ni dhana, nayo ni kuondoa kilicho kizima machoni kwa kuhofia kwamba batini yake imekwisha kuingiwa na maradhi. Nasema habari ya tezi za limfu, ambazo zikivimba kinenani au kwapani wazee wetu huziita mitoki, na ambazo mpasuaji huzitoa pamoja na umio lililoshikwa na saratani.

Umio lina maumbile yake. Halina lile gamba la nje linalofunika utumbo, na mishipa ya limfu iliyo chini ya ngozi yake ya ndani hupanda na kushuka kwa urefu, hata saratani iliyoanzia katikati ya kifua yaweza kupeleka chembe zake shingoni au kando ya tumbo, ikaziruka tezi zilizo jirani na kuziacha salama. Kwa hiyo mpasuaji hawezi kusema, hapa ndipo ulipoishia ugonjwa. Ajualo ni kwamba yamkini umefika. Na kati ya yamkini na yakini ndipo linapolala swali letu: je, mkono wa binadamu una haki ya kukata hata wapi?

Jawabu la kwanza lilitoka Baltimore, Marekani, ambako William Halsted, katika kutibu saratani ya titi, alitangaza mwaka 1894 matokeo ya upasuaji ulioondoa titi, misuli ya kifua na tezi za kwapa kwa mkupuo mmoja, akiamini kwamba ugonjwa hutambaa kwa utaratibu kutoka jirani hadi jirani, na kwamba mwenye kukata mbali zaidi ameuwahi. Miaka mingi ilipita kabla ya Bernard Fisher na wenzake kuanza, mwaka 1971, uchunguzi ulioonyesha kwamba wanawake ambao kwapa zao hazikuwa na dalili, wakaachiwa tezi zao hadi dalili itokee, hawakuishi muda mfupi kuliko waliokatwa zote. Katika umio, hata hivyo, mambo hayakuwa mepesi namna hiyo. Wapasuaji wa Japani katika miaka ya 1980 walipanua kazi ikafika nyanja tatu, yaani tumbo, kifua na shingo; na Waholanzi, mwaka 2002, walitangaza habari za wagonjwa 220 waliogawanywa kwa kura, wengine wakifunguliwa kifua na kutolewa kwa wastani tezi 31, wengine wakitolewa umio bila kufunguliwa kifua, na tezi 16 tu. Kundi la kwanza lilipata madhara mengi zaidi ya mapafu. Baada ya miaka mitano walio hai walikadiriwa kuwa asilimia 39 dhidi ya 29, lakini tofauti hiyo haikufikia daraja ya kuitwa yakini. Tena saratani yao ilikuwa ya aina iliyoenea Ulaya, karibu na mlango wa tumbo, si ile ya ngozi ya ndani ya umio iliyo nyingi kwetu Afrika Mashariki.

Kilichokatwa hakiishii pale mezani. Hutiwa katika chombo chenye fomalini, hupelekwa maabara, na huko mtaalamu huyapapasa mafuta kwa ncha za vidole akitafuta vijiwe laini, vingine vidogo kama punje ya mtama, akavikata, akavizamisha katika nta, akavipasua vipande vyembamba mno, akavitia rangi ya waridi na ya zambarau, ndipo akainama juu ya hadubini. Kila tezi ni shahidi. Wengi wa wataalamu hutaka zisipungue 15, kwa kuwa mashahidi wachache waweza kusema mgonjwa ni salama hali si salama. Hapa pana jambo ambalo aghalabu husahauliwa: kutoa tezi ili kuponya ni jambo moja, na kutoa tezi ili kujua ni jambo jingine, na anayelipa gharama ya elimu hiyo ni yule aliyelala.

Gharama yenyewe tuitazame kwa mtu. Tumfikirie mwalimu wa madrasa wa Biryogo, mtaa ambao Waislamu wa Kigali wamesomesha na kufanya biashara kwa Kiswahili tangu zama za babu zao. Neva inayofungua sauti yake, upande wa kushoto, hushuka kifuani, hupita chini ya upinde wa mshipa mkuu wa damu, kisha hupanda tena kando ya umio. Na tezi zinazotuhumiwa zimeegemea papo hapo, pengine kwa umbali wa unene wa uzi. Mpasuaji akizitoa zote aweza kumwongezea mwalimu miaka, na aweza kumwachia sauti ya kukwaruza isiyofika safu ya pili ya wanafunzi. Nani ajuaye lipi kati ya hayo mawili ndilo zito kwake, kama si yeye mwenyewe?

Wanazuoni wa fikihi wana kanuni mbili zinazofaa hapa: kwamba yakini haiondolewi kwa shaka, na kwamba madhara hayaondolewi kwa madhara yaliyo mfano wake. Ya kwanza haimkatazi mpasuaji, kwa kuwa ugonjwa wenyewe ni yakini na desturi yake ya kusafiri inajulikana. Ya pili ndiyo inayomwekea mpaka. Upande wa Kanisa, Papa Pius XII alifundisha mwaka 1952 kwamba sehemu ya mwili yaweza kutolewa kwa maslahi ya mwili mzima, lakini akaongeza kwamba tabibu hana juu ya mgonjwa mamlaka yoyote ila aliyopewa na mgonjwa. Na hapa Kigali, mji ambao mwaka 1994 uliona majirani wakiuawa kwa sababu ya nasaba yao huku wakiitwa wadudu, sharti isemwe waziwazi: hoja ya kukata kilicho kizima kwa kuhofia kilichojificha inaishia katika nyama ya mtu mmoja, tena kwa idhini yake; mwenye kuitoa hapo akaipeleka kwa wanadamu amekwisha kutoka katika utabibu na kuingia katika dhuluma.

Basi hukumu yangu ni hii. Zitolewe tezi zilizo katika njia inayojulikana ya ugonjwa, kwa kadiri ya kuupata ushahidi wa kutegemewa. Shingo isifunguliwe kwa dhana peke yake. Na kinachobaki katika ghaibu kiachiwe dawa na mionzi, ambazo hufika mahali kisu kisipofika. Hapa Kigali mionzi ipo Kanombe tangu 2019, na Masaka, tangu 2023, kipo chuo cha IRCAD kinachowafundisha wapasuaji wa Afrika kufanya kazi kwa kamera kupitia matundu madogo; ustadi utazidi, na kadiri unavyozidi ndivyo tamaa ya kukata mbali zaidi itakavyokuwa nyepesi kutimizwa. Kabla ya usingizi wa dawa, mgonjwa aambiwe kwa lugha yake habari ya sauti, ya mapafu na ya tezi, kisha aulizwe.

Walakini mjadala huu wote ni wa wale waliowahi. Wagonjwa walio wengi Afrika Mashariki hufika hospitali wakati hata uji haupiti tena, na la kufanya limebaki kupitisha mpira wa kuzibua njia ya chakula. Wewe usomaye haya, ukiona tonge linakwama kifuani wiki baada ya wiki, usijitibu kwa kulainisha chakula: tumia bima yako ya afya ya mituweli, nenda kituo cha afya wiki hii, na uombe barua ya kupelekwa kupimwa umio kwa kamera.