Mtume Paulo na Zawadi za Wafilipi



Siku hizi wako vijana wetu wanaofundisha watu kwa telefoni. Mmoja hueleza katekisimu kwa Kiswahili, mwingine huimba, mwingine huonyesha namna ya kutunza mihogo. Nasi hutazama video zao katika mtandao pasipo kuwalipa kitu. Lakini wao hulipa: mega hununuliwa, telefoni huharibika, na umeme ukikatika humwendea mwenye jenereta na kulipa tena. Tena YouTube ina kanuni yake: mtu hagawiwi fedha za matangazo mpaka awe na wafuasi 1,000, na video zake ziwe zimetazamwa saa 4,000 katika miezi 12, au zile fupi zitazamwe mara milioni 10 katika siku 90. Wengi hutumika miaka bila kufika hapo. Mwisho kijana huandika chini ya video yake namba ya M-Pesa, na kusema kwa haya: Awezaye anisaidie.

Hapo manung'uniko huanza. Amegeuka mwombaji! Aende akalime kama sisi! Nakiri kwamba hata mimi, nilipoiona namba ya namna hiyo mara ya kwanza, nilikunja uso. Kisha nikazisoma tena barua za Mtume Paulo, nikatahayari.

Paulo alipofika Korinto alikaa kwa Akwila na Priskila, akashona mahema pamoja nao, maana ufundi wao ulikuwa mmoja. Aliwaandikia Wakorinto waziwazi kwamba mhubiri ana haki ya kuishi kwa kazi yake, kama vile askari, na mwenye kulima mizabibu, na mchungaji anywaye maziwa ya kundi. Ila yeye hakuitumia haki hiyo kwao. Je, walimsifu? Hata kidogo. Ilimbidi awaulize kama alikosa kwa kuwahubiria bure, na kuwahakikishia kwamba anawapenda, kwa sababu alikataa fedha zao huku akipokea msaada wa ndugu waliotoka Makedonia. Basi apokeaye husemwa, naye asiyepokea husemwa.

Na Bwana wetu Yezu Kristu je? Mtakatifu Luka atueleza kwamba Maria Magdalena, na Yoana mke wa Kuza, na Suzana, na wanawake wengine wengi, walimtumikia yeye na Mitume kwa mali zao. Yezu hakuona aibu. Aliyeona uchungu kule Bethania juu ya marhamu ya dinari 300 ni Yuda, naye ndiye aliyekuwa akishika mfuko.

Kweli wadanganyifu wako, watu wanaolia mbele ya kamera kwa ugonjwa usiokuwapo. Paulo alilijua jambo hili. Sadaka ya Yerusalemu hakuishika peke yake, bali alimtuma Tito pamoja na ndugu waliojaribiwa, mmoja wao akiwa amechaguliwa na makanisa, ili asiwepo wa kumlaumu. Kijana naye aandike katika daftari alichopata na alichotumia, na atakayeuliza aonyeshwe. Lakini wewe uliyetoa franka 500, usidhani umeununua ulimi wake.

Wafilipi walimpelekea Paulo msaada Thesalonike zaidi ya mara moja. Baadaye, alipokuwa kifungoni, walimtuma Epafrodito, naye akaugua karibu na kufa kwa ajili ya kazi hiyo. Paulo hakuificha shida yake, wala hakujidhalilisha. Aliipokea zawadi yao kama sadaka yenye kumpendeza Mungu, akaandika barua ya shukrani. Epafrodito alipopona, alimrudisha kwao, akiwaomba wampokee kwa furaha na kumheshimu.