Mafunzo ya Kupigana: Huitengeneza Nafsi au Huiharibu?

Wazazi wengi katika miji yetu ya pwani hutuuliza juu ya watoto wao wanaotaka kujifunza judo, karate na mengine ya namna hiyo. Wako wanaokataza, kwa kuogopa kuwa kijana akishajua kupiga hatatulia ila apige. Na wako wanaohimiza, kwa kutaka mtoto wao aogopwe mtaani. Makundi haya mawili, ijapokuwa yapingana, yameafikiana katika jambo moja: yote yadhani kuwa tunda la mafunzo haya ni kutisha watu. Sisi twaona kuwa wote wamelikosa jambo lenyewe, na twapenda kulieleza kwa kadiri ya uwezo wetu.

Kwanza yafaa tuyatenge mambo mawili ambayo watu huyachanganya, nayo ni kujiamini na kiburi. Kujiamini ni mtu kuijua kadiri yake: ajua awezalo na ajua asiloliweza, na kwa hivyo hana haja ya kumthibitishia mtu yeyote. Kiburi ni mtu kujiona juu ya wenziwe. Mwenye kiburi siku zote ana haja na watu, kwani asipowaona walio chini yake, ukubwa wake hauonekani hata kwake mwenyewe. Ndiyo maana huwa mwepesi wa hasira. Neno dogo humtikisa, kwa kuwa jengo lake limesimama juu ya ndimi za watu.

Sasa na tuyatazame mafunzo yenyewe. Katika judo, iliyoanzishwa na Kano Jigoro mjini Tokyo mwaka wa 1882, jambo analofunzwa mwanafunzi mwanzoni kabisa ni kuanguka. Hufunzwa kukunja kidevu, kuupiga mkeka kwa mkono, na kuupokea mwanguko bila ya kuumia. Naye huanguka mara nyingi kabla ya kumwangusha mtu. Kisha akikabwa shingo, au mkono wake ukinyooshwa hata ukakaribia kuvunjika, huupiga mkeka kwa kiganja, na hapo mwenziwe yampasa kumwachilia mara moja.

Tendo hili ni dogo kwa macho, lakini ndani yake muna masomo mawili. Aliyeupiga mkeka amekiri kushindwa mbele za watu, kisha akainuka mzima, wala hadhi yake haikupotea. Aliyeachilia ameishika shingo ya mwanadamu, akaiacha kwa ishara tu, naye akiwa katika joto la kushinda. Wahenga wetu wamesema kuwa asiyekubali kushindwa si mshindani. Neno hilo sisi hulisema kwa ulimi tu. Mwanafunzi huyu hulisema kwa mwili wake kila jioni.

Kwa maoni yetu, hapa ndipo ilipo sababu ya baadhi ya vijana wajeuri kupoa baada ya muda wa mafunzo ya haki. Ujeuri mwingi ni hofu iliyovaa nguo za ushujaa. Kijana asiyepata kujaribiwa hukaa na wasiwasi kwamba siku moja atajulikana si kitu, na kelele zake ni za kuifunika siri hiyo. Lakini aliyeangushwa mara mia mbele ya wenziwe hana siri tena ya kuficha. Akitukanwa njiani aweza kupita, kwani tusi halimwambii jambo asilolijua.

Mtu aweza kutuuliza: Mbona twawaona wengine wametoka huko na kiburi kuliko walivyoingia? Twajibu: Ni kweli, na sababu yake haifichiki. Wamefunzwa mahali ambapo mwalimu hapingwi, mwanafunzi hupiga hewa na kusifiwa, na mikanda hutolewa kwa fedha kabla ya haki yake. Mtu wa namna hiyo hakuwahi kukutana na anayemkataa kwa nguvu zake zote, basi ameongezewa jina tu na hakuongezewa kuijua kadiri yake. Wengi wadhani mkanda mweusi ni mwisho wa elimu hiyo, na hali Wajapani huiita daraja ya kwanza ya mkanda huo kwa jina lenye maana ya hatua ya mwanzo. Na Funakoshi Gichin wa Okinawa, aliyefariki mwaka wa 1957 na ambaye kwake Wajapani wengi waliipata karate, alishikilia kuwa mwenye karate haanzi yeye kupiga. Mwanafunzi akipokea mapigo na kuikosa kanuni hii, amepewa kisu bila ya ala.

Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kuwa mwenye nguvu wa kweli si yule awaangushaye watu kwa mieleka, bali ni aimilikiye nafsi yake anapoghadhibika. Wako wanaoitumia hadithi hii kuzidharau nguvu za mwili. Sisi hatuoni hivyo. Mnyonge anayenyamaza akionewa huenda amenyamaza kwa subira, na huenda amenyamaza kwa woga. Sisi hatujui, na pengine hata yeye hajui. Lakini mwenye uwezo wa kulipiza akanyamaza, upole wake hauna shaka. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka wa 1111, ameifananisha nguvu ya hasira na mbwa wa kuwinda, ambaye hutakiwa aadibishwe hata awe huenda kwa ishara na husimama kwa ishara. Hakusema mbwa auawe. Mbwa aliyekufa hawindi, na asiyefunzwa humuuma mwenyewe.

Mfano wake uko karibu nasi. Mwaka wa 1984, katika michezo ya Olimpiki ya Los Angeles, Mohamed Rashwan wa Misri alikutana katika fainali ya judo na Yamashita Yasuhiro wa Japani, aliyekuwa ameumia mguu wa kulia katika pambano lililotangulia. Rashwan alishindwa. Baadaye alieleza kuwa hakutaka kuupata ushindi kwa mguu ule uliojeruhiwa, naye akapewa tuzo ya uungwana wa michezo. Yamashita alipopanda jukwaani kupokea nishani ya dhahabu, Rashwan alimpa mkono wa kumsaidia. Mwenye kiburi hawezi tendo hili, kwani huona kuwa akiikosa dhahabu amejikosa mwenyewe.

Lakini tusiyapambe mafunzo haya zaidi ya haki yake. Ushujaa wa mkekani hausafiri wenyewe hata ukafika mahali pengine. Mtu aweza kutoiogopa ngumi, akaogopa kusema kweli mbele ya tajiri wake. Na aweza kuwa mpole mbele ya mwalimu, kisha akarudi nyumbani akamnyanyulia mkono mkewe na wanawe. Huyo amejifunza sheria za mchezo, ama adabu haikumgusa. Kwa mke huyo, nguvu za mumewe zimekuwa balaa iliyosomeshwa.

Basi nasaha yetu kwa mzazi ni kuwa asikataze wala asihimize kabla ya kuangalia mambo matatu. Amwangalie mwalimu: je, hukubali kusahihishwa? Amwangalie mtoto siku aliyoshindwa: je, humsifu aliyemshinda, au hutafuta visingizio? Na awaulize wadogo wa nyumbani, ambao hawawezi kujitetea: je, mkono wa ndugu yao umekuwa mwepesi juu yao, au umekuwa mzito? Jibu la hao wadogo ndilo la kutegemewa kuliko mkanda wa rangi yoyote, kwani nguvu ni amana, na mnyonge ndiye shahidi wake.

Wabillahi tawfiq.