Ahadi ya Mnara na Haki ya Mwenye Kungoja

Liko swali ambalo wengi wetu hulipita bila ya kulitazama, kwa kudhani kwamba jawabu lake ni dhahiri. Mtu akiahidi jambo kubwa, kisha jambo hilo likakwama kwa sababu ambazo nyingine hazikuwa mikononi mwake, je, anadaiwa nini na wale wanaomngoja? Husemwa kwamba ahadi ni deni. Neno hili ni la kweli, lakini peke yake halitoshi. Deni la fedha lina mdai anayejulikana na kiasi kinachojulikana. Ama ahadi iliyotolewa mbele ya mji mzima, mdai wake ni nani, na kiasi chake ni kipi?

Na tuutazame mfano ulio wazi. Mwezi wa Mei mwaka 2017, katika mtaa wa Upper Hill mjini Nairobi, Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, aliweka jiwe la msingi la jengo lililopewa jina la The Pinnacle. Ilitangazwa kwamba itasimama minara miwili, mmoja wao ukiwa na ghorofa zipatazo 70 na urefu wa zaidi ya mita 300, na ndani yake hoteli, maofisi na makazi. Wakati huo jengo refu kuliko yote katika Afrika lilikuwa Carlton Centre la Johannesburg, lenye mita 223; hili la Nairobi lilikusudiwa kulipita mbali. Ardhi ikachimbwa. Kisha ugomvi juu ya kiwanja ukafika mahakamani, na mwaka 2018 kazi ikasimama. Miaka iliyotajwa kuwa ya kumalizika ikaja na ikapita, wala minara haikuinuka.

Wala tusiseme kwamba hayo ni mambo ya bara. Mwaka huo huo wa 2018, katika pwani yetu hii, huko Watamu, ilitangazwa azma ya kujenga mnara wa ghorofa 61 ulioitwa Palm Exotjca. Wakazi na watetezi wa mazingira wakaupinga, kwa kuihofia bahari iliyohifadhiwa na mji mdogo usiozoea mzigo wa namna hiyo. Mnara huo nao haukusimama.

Na sisi wa Kwale, ijapokuwa hatuna minara, kungoja twakujua. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilianguka mwaka 1988, na takriban miaka ishirini ikapita kabla ya ardhi ile kukodishwa kwa kampuni nyingine mwaka 2007. Aliyekuwa kijana wakati kiwanda kilipofungwa alikuwa mtu mzima siku hiyo ilipofika. Kiwanda na mnara ni vitu mbalimbali, lakini hali ya mwenye kungoja ni moja. Hajui aondoke au akae. Hajui auze au ashike. Wala hajui amwambie nini mwanawe anayeuliza kazi itafunguliwa lini.

Sasa yatupasa kuwa waadilifu, tusimlaumu mtu kwa lisilo kosa. Kuchelewa peke yake si dhambi. Kazi kubwa hukutana na vikwazo vikubwa: fedha hupungua, bei hupanda, mahakama huamuru watu wasubiri. Tena pengine kuchelewa ndiko kheri yenyewe. Kiwanja kikiwa na ugomvi, au majirani wakiwa na hoja ambazo hazijajibiwa, kusimama ni bora kuliko kujenga juu ya haki ya mtu. Mwenye kujenga kwa pupa ili aitimize tarehe, hali kuna anayedhulumiwa chini ya msingi wake, huyo ametimiza ahadi moja kwa kuvunja iliyo kubwa zaidi.

Wala hatuwezi kumwambia mwenye kungoja, “Tazama shimo, utajua mwenyewe.” Shimo halisemi. Mnara wa Jeddah, unaokusudiwa kupita mita 1,000, ulianza kujengwa mwaka 2013, ukasimama mwaka 2018, na kazi ikarejea mwaka 2025. Kwa upande mwingine, huko Chicago, mnara ulioitwa Chicago Spire ulianza kuchimbiwa msingi mwaka 2007, ukasimama mwaka 2008, na haukurejea kamwe. Kiwanja kiliingia katika mikono mingine, na minara iliyoanza kujengwa hapo mwaka 2024 ni mingine kabisa. Mpita njia aliyezitazama kazi hizo mbili zilipokuwa zimesimama asingeweza kutambua ni ipi imelala na ni ipi imekufa. Aliyekuwa karibu zaidi na elimu hiyo ni mwenye jengo, na hapo ndipo wajibu wake unapoanzia.

Tuchukue mfano wa kwetu. Tuseme mvuvi wa Gasi amemwagiza fundi amchongee ngalawa, akatoa arubuni, na fundi akaahidi kwamba chombo kitakuwa tayari kabla ya kaskazi kuingia, kwani huo ndio msimu ambao bahari hutulia na mvuvi hutafuta riziki. Gogo la mwembe likapasuka katika kuchongwa. Fundi mmoja hupeleka habari siku ile ile: “Gogo limepasuka. Natafuta jingine. Mwisho wa mwezi nitakwambia kama nimelipata. Na ukitaka arubuni yako, njoo uichukue.” Mvuvi husikitika, lakini huenda akaomba nafasi katika chombo cha nduguye, na msimu haumpiti.

Fundi wa pili, gogo likimpasukia vile vile, husema, “Karibu itakuwa tayari.” Mwezi wa pili husema, “Karibu.” Mwezi wa tatu haonekani dukani. Kaskazi huisha, kusi huingia, na mvuvi amekaa ufukweni akiwatazama wenziwe.

Mafundi hawa wawili wameshindwa kwa kiasi kimoja, na hasara ya gogo ni moja. Lakini wa pili amechukua kitu ambacho wa kwanza hakukichukua: amechukua msimu mzima wa mwenzake. Basi hili ndilo jawabu la swali letu. Kosa haliko katika kuchelewa, bali liko katika kunyamaza. Kungoja kwa mtu ni sehemu ya umri wake, na umri ni mali isiyolipika. Mwenye kumngojesha mtu hali anajua asiyoyajua huyo mtu, amekula mali yake pasipo ruhusa.

Huenda mwenye kujenga akatujibu, na jawabu lake si la kupuuzwa. Atasema, “Nikidhihirisha shaka, wakopeshaji watakimbia na wanunuzi watadai fedha zao, na jengo ambalo lingeweza kuokoka litakufa kwa ulimi wangu mwenyewe. Nanyamaza kwa ajili ya maslaha ya wote.” Twakubali kwamba hofu hiyo ni ya kweli. Lakini natumuulize: matumaini hayo anayoyalinda, anayalinda kwa mali ya nani? Ikiwa ni kwa mali yake, ana hiari. Ikiwa ni kwa arubuni ya mnunuzi, na kwa miaka ya kijana aliyeahidiwa kazi, basi wenye mali wana haki ya kuulizwa. Huenda wengi wao wangekubali kungoja lau wangalielezwa. Tofauti ya mwenye kusubiri na mwenye kuhadaiwa ni hiyo tu: wa kwanza amechagua.

Wala hatumtaki mwenye jengo afungue daftari zake zote barabarani. Twamtaka mambo matatu. Kwanza, aseme ni jambo gani lililosimamisha kazi. Pili, aseme siku atakayorudi kutoa habari, hata kama habari yenyewe itakuwa kwamba hakuna habari. Tatu, amwachie aliyetoa mali yake aichukue na kwenda zake akipenda.

Hapa yafaa tulitaje neno inshallah, kwa kuwa limefanywa pazia. Neno hili ni kukiri kwamba kesho haimo mikononi mwetu. Basi lamwongezea msemaji wajibu, halimpunguzii. Anayekiri tangu mwanzo kwamba huenda jambo lisiwe, yeye ndiye wa kwanza kupaswa kumpasha mwenzake habari anapoona kwamba haliwi. Kulitumia neno la unyenyekevu ili kukwepa deni ni kulidhulumu neno na kumdhulumu mtu.

Na wakubwa wetu nao wana sehemu yao. Siku ya kuweka jiwe la msingi hukosi kuona viti vya mbele vimejaa. Siku kazi iliposimama, ni nani aliyekuja kusimama pale pale na kueleza? Aliyeipa ahadi heshima ya kuhudhuria kwake amejitia katika udhamini wake. Na mdhamini hatoki katika deni kwa kunyamaza.

Mwisho, tusiwanyooshee wengine kidole na sisi wenyewe tukajisahau. Ni mara ngapi katika vijiji vyetu, kutoka Vanga hadi Diani, watu wamechangishwa kwa ajili ya ukumbi au kisima, kisha kuta zikafika kiunoni, michango ikakoma, na hakuna aliyeitisha mkutano kusema, “Tumeshindwa, na hizi ndizo hesabu”? Aibu ya kusema maneno hayo ni ya saa moja, lakini aibu ya kutoyasema huota majani juu ya kuta zile, na kila apitaye huiona. Basi aliye na ahadi iliyomkwama, kubwa au ndogo, na aende leo kwa yule anayemngoja amwambie lililopo. Huenda asiweze kumpa jengo, lakini ataweza kumrudishia siku zake zilizobaki.