Jembe la Mgeni: Je, Uenyeji ni Ujira?

Methali isemayo "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe" yabainisha siku ya kumpa mgeni kazi, bali haitaji siku ya kumwita mwenyeji. Pengo hilo ni la kimaadili. Makhan Singh, mzaliwa wa Punjab, alikigeuza chama cha wafanyakazi Wahindi mjini Nairobi, mwaka 1935, kiwe cha wafanyakazi wa kila rangi. Mwaka 1950 alidai uhuru hadharani, akazuiliwa hadi 1961. Hupendwa kusemwa kwamba mateso hayo ndiyo yaliyomfanya Mkenya. Hoja hiyo, ingawa ni ya heshima, ina hatari. Iwapo uenyeji hununuliwa kwa mateso, tuwaambie nini Wamakonde wa Msambweni? Wazee wao walitoka Msumbiji kulima mkonge na miwa. Jembe walilishika miongo mingi, lakini hawakutambuliwa kuwa raia mpaka walipotembea kutoka Kwale kwenda Nairobi mwaka 2016. Kwa maoni yetu, kumsifu Singh kwa namna hiyo ni kumpinga. Chama chake kilimpokea mfanyakazi kwa kuwa ni mfanyakazi, si kwa kuwa ameteseka vya kutosha. Haki si ujira.