Kondoo Waliolia



Katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 15, twasoma habari za mfalme Sauli. Bwana alimtuma kupigana na Waamaleki, akamwagiza asibakize cho chote kilicho chao. Sauli akaenda, akashinda; lakini Agagi, mfalme wao, akamwacha hai, na kondoo na ng'ombe walionona hakuwaua. Samweli alipofika, Sauli akamlaki kwa furaha, akasema ya kuwa amelitimiza agizo. Kumbe, kondoo walikuwa wakilia nyuma yake!

Ndipo akawatupia watu lawama, ya kwamba wao ndio waliowahifadhi wanyama ili watolewe dhabihu. Mwisho akakiri kwamba aliwaogopa watu, akawasikiliza. Angalieni, ndugu: mfalme aliwatii waliowekwa chini yake, asimtii aliye juu yake. Kwa ajili hiyo ufalme ukaondolewa kwake.

Amri ya Nne twaijua sote, nayo twawafundisha watoto. Martin Luther, katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529, alieleza ya kuwa mamlaka ya mwalimu na ya serikali yana asili yake katika mamlaka ya wazazi. Basi twapenda kuwasomea wadogo amri hii. Je, sisi wenyewe twaitii? Baba atakaye heshima, mwalimu atakaye kusikiwa, mzee wa usharika atakaye kufuatwa, wote wako chini ya agizo kama Sauli. Tukiagizwa kuwaonya wakosaji, tukamwonya maskini na kumnyamazia tajiri kwa kuuogopa uso wake, huyo tajiri ndiye Agagi wetu. Na watoto wetu hawasikii maneno yetu tu. Wawasikia na kondoo wakilia nyuma yetu. Kisha twastaajabu wanapotudharau!

Tusijidanganye, ndugu. Utii wa nusu ni uasi uliovikwa nguo ya ibada, wala sadaka haiwezi kuufunika. Lakini tusikate tamaa. Yuko Mfalme mwingine, aliyetii hata mauti, mauti ya msalaba (Wafilipi 2:8), naye awasamehe waasi wanaotubu. Kwake na tujifunze kutii kwanza, ndipo tuagize wengine.

Bwana atupe moyo wa kusikia. Amina.